Kibao Kilicholala

Huwa nawafokea wanaodhani kazi ya mnara wa kuongozea ndege ni kukaa juu na kutazama mashamba ya Kapseret. Sisi tunazitenganisha ndege. Ndege kubwa ya mizigo ikipaa, huacha nyuma yake upepo unaojisokota, usioonekana, na ndege ndogo ikiufuata upesi inaweza kupinduliwa. Umewahi kuendesha baiskeli lori la mahindi likikupita? Basi ni hivyo, ila chini yako hakuna ardhi. Ndiyo maana ndogo husubiri. Asubuhi ile ilipaswa kusubiri dakika tatu.

Saa tunayo mezani, lakini mimi nilikuwa na desturi yangu. Kila ndege ina kibao chembamba cha plastiki chenye karatasi ya maelezo yake. Kubwa ikipaa, nilikisimamisha kibao chake wima mbele yangu. Dakika zikiisha, nakilaza. Kibao kimelala, njia nyeupe. Hakikuwahi kuniangusha, nami nilikisifu hadi wenzangu wakachoka.

Asubuhi hiyo hewa ilikuwa imetulia kabisa, hali ambayo hatuipendi, maana msokoto hukawia palepale. Kubwa ikapaa. Nikaandika saa, kibao bado mkononi, ndipo mkuu wetu wa zamu, mzee aliyekuwa akirudi kutoka likizo, akaingia na kuninyooshea mkono.

"Mama, habari ya siku mingi?"

Kwetu mkubwa hasalimiwi umeketi, wala kwa mkono ulioshika kitu. Nikakiweka kibao mezani, nikasimama, nikampa mikono yote miwili.

"Ni mzuri sana, Mzee. Karibu."

Tukaulizana watoto, ng'ombe, mvua. Nilipoketi, rubani wa ndege ndogo, mwenye abiria mmoja, aliniita kusema yuko tayari. Nikatazama kibao. Kimelala. Nikamruhusu.

Alikuwa amevuka tu seng'enge za uwanja bawa la kushoto lilipoinama ghafla. Ndege ikalala ubavu, nikaliona tumbo lake lote jeupe. Nikaitazama saa: dakika moja na kidogo. Nilitaka kupiga kelele na sikuweza.

"Woi!" mkuu akasema nyuma yangu.

Ndege ikajiinua juu kidogo tu ya mikaratusi, ikazunguka, ikatua. Mkuu alikuwa ameshachukua kipaza sauti. Nilikiokota kibao nikakishika kwa nguvu, sijui kwa nini.

Rubani alipanda ngazi mwenyewe, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Madam, pole kwa kukushtua," akasema. "Nafikiri nilivuta juu haraka sana. Asante kwa kutuangalia."

Ananiomba msamaha! Mimi! Akaninyooshea mkono, na mimi sikusimama.

"Si wewe," nikamwambia. "Ni mimi. Nilikuachilia mapema."

"Mapema aje?"

"Karibu dakika mbili."

Mkono wake ulibaki hewani kidogo, kisha akaurudisha. Alishuka, nikamwona kupitia kioo akivuka hadi kwa abiria wake, mwanamke aliyekuwa ameketi kwenye nyasi na viatu vyake mkononi. Akainama, akamweleza. Mwanamke alimsikiliza, kisha akainua uso akautazama mnara, akanitazama mimi.

Ndipo niliposimama.