Fundi Rispah na Redio Iliyonyamaza

Rispah Nafula alikuwa fundi wa kompyuta mjini Kitale. Waliomjua walijua kwamba hapendi kuharakishwa. Zamani alifundisha kupiga taipu katika chuo kidogo nyuma ya soko. Taipureta zilipoanza kurundikwa stoo, wenzake walirudi shambani. Yeye akaomba kompyuta mbovu ya chuo, akaifungua, akatandaza vipande vyake kitandani, kisha akaviunga tena. Ilipowaka, aliaga ualimu. Linux, mfumo wa kompyuta usiosumbuliwa sana na virusi, alijifunza kwa hasira tu, maana alichoka kuona virusi vikila kazi za wateja wake.

Mwaka wa 2006 aliitwa Bungoma, kwenye kituo kidogo cha redio kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri. Duka na kituo vyote vilikuwa vya Avtar, mzee wa Kisikh aliyezaliwa mji huohuo na kuongea Kibukusu bila kukwama. Kompyuta ya kituo ilitumia Linux, na diski yake ilikuwa imejaa nyimbo hadi pomoni. Avtar alikuwa amenunua diski mpya, kubwa, lakini kompyuta ilikataa kuiona.

"Kerneli yenu imezeeka," Rispah alimweleza. "Ndiyo kiini cha mfumo, ndiyo inayoongea na vyuma vya kompyuta. Hii yenu ilitengenezwa kabla ya diski za aina hii. Nitaweka mpya."

Akaiweka asubuhi hiyo, akaizima kompyuta na kuiwasha tena. Diski mpya ikaonekana mara moja. Avtar akapiga makofi. Kisha Wangila, mtangazaji, akabonyeza wimbo wa kufungulia kipindi. Kimya. Akabonyeza tena, akaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya kilekile.

"Ai, mama, si umeua redio!" Wangila akasema. "Na saa ya matangazo imekaribia, bana."

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke aliyejifunga leso kichwani. Alikuwa Joan, kutoka Bokoli, na baba yake alikuwa amefariki wiki hiyo.

"Mazishi yamesongeshwa," akasema. "Tulitangaza kwamba ni Jumamosi, lakini sasa yatakuwa Ijumaa. Ndugu zake baba wako Tongaren, simu hawana. Wasiposikia kwa redio leo, watakuja kukuta kaburi."

Wangila akamwangalia Avtar. Avtar akamgeukia Rispah. "Rudisha ile ya zamani. Tafadhali."

"Ya zamani sijaifuta, mzee. Iko palepale, naweza kuirudisha nikitaka. Lakini nikiirudisha, diski yako inapotea tena." Rispah akamgeukia Wangila. "Maikrofoni yako inapita kwa kompyuta?"

Wangila akafuata waya kwa macho hadi kwenye mashine ya kuchanganyia sauti. "Hapana. Inaenda kwa mixer moja kwa moja."

"Basi kompyuta ya nini? Soma."

Wangila akacheka peke yake, akavuta kiti. Saa ilipofika, akasoma tangazo la Joan kwa sauti nzito, bila muziki mbele wala nyuma. Akalisoma kwa Kiswahili, akalirudia kwa Kibukusu, akataja Tongaren kila mara. Joan alisimama kando ya mlango, machozi yakimtoka, mpaka akahakikisha kila jina limetajwa sawa. Ndipo akamshika Rispah mkono na kwenda zake.

Rispah akarudi kwenye kompyuta. Kadi ya sauti aliyokuwa ameinunua Avtar ilihitaji draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, na draiva iliyokuwepo ilikuwa imeundwa kwa kerneli ya zamani. Kwa mpya haikufaa kitu. Akateremka hadi saiba ya intaneti iliyokuwa ng'ambo ya barabara, akarudi na draiva mpya kwenye flashi. Akaiunda upya. Ikagoma mara ya kwanza kwa sababu faili fulani za kerneli hazikuwepo. Akazitoa kwenye sidii aliyokuja nayo, akajaribu tena, ikakubali. Akabonyeza wimbo.

Kimya.

Wangila akaguna. Rispah akatazama skrini. Ilionyesha wimbo unaendelea vizuri, dakika zikihesabika. Kama unaendelea, akajiambia, basi unatokea mahali. Akavaa vifaa vya kusikilizia, akainama nyuma ya kompyuta na kuchomeka waya kwenye tundu moja baada ya jingine. Katika tundu ambalo halikuwa na kazi tangu kompyuta inunuliwe, kwaya ikamwimbia masikioni.

Akacheka kwa sauti. "Njoo usikie!"

Kumbe kerneli mpya ilikuwa imegundua kifaa kingine cha sauti, kidogo, kilichokuja na kompyuta yenyewe. Ikakifanya cha kwanza, na ile kadi nzuri ya Avtar ikawa ya pili. Rispah akafungua faili ya mipangilio, akaandika ipi itangulie. Mara spika zote za studio zikajaa kwaya. Wangila akaanza kucheza kandokando ya meza.

"Usiguse tena," Avtar akasihi. "Iache hivyohivyo."

"Hapana, mzee. Nitaizima."

"Kwa nini, na imepona?"

"Umeme ukipotea kesho na mimi niko Kitale, nani ataiamsha? Lazima iamke yenyewe nikiiona."

Akaizima. Avtar alishika ndevu zake mpaka skrini ikawaka. Wangila akabonyeza, na kwaya ikaimba mahali pake, bila mtu kugusa chochote kingine. Ndipo Rispah akaanza kukunja nyaya zake.

Ijumaa jioni Wangila alimpigia simu. Ndugu zake marehemu walifika Bokoli asubuhi, wamejaa lori zima, hata shangazi mmoja mgonjwa akabebwa. Rispah alishukuru, akauliza diski inaendeleaje.

"Inaimba tu, mama. Mzee amesema uje uweke hiyo kerneli kwa kompyuta ya duka pia."

"Mwambie nitakuja Jumanne," akasema, "na asiguse kitu kabla sijafika."