Nilitaka Waimbaji Waniombe Ruhusa kwa Barua

Kosa ni langu. Natanguliza hilo kwa sababu najua mkifika katikati mtaanza kunitafutia mtu wa kugawana naye lawama, na mke wangu ameshasema nisimwingize. Nilifanya mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na miwani usoni.

Mimi ni mtu mzima, nauza vifaa vya ujenzi hapa Babati mjini: bati, saruji, misumari. Jina langu liacheni. Wa Babati wakisoma watanijua, na wengine halitawasaidia kitu.

Nina rafiki anaitwa Paskali, fundi seremala wa Bonga. Kumwita rafiki ni kumpunja. Kwetu ni milimani kule Mbulu, na nilipopata nafasi ya sekondari huku chini, mama yake Paskali ndiye aliyenipokea. Miaka minne nilikaa kwake. Alinilisha makande, akanifulia shati la shule, na wakati makande yanachemka alitukalisha jikoni mimi na mwanawe akatufundisha nyimbo za kanisani. Paskali alishika sauti ya kwanza, mimi sauti ya pili. Tulikuwa na wimbo mmoja wa mavuno ambao mama aliupenda mpaka anaacha kuchochea moto ili asikilize.

Miaka ikaenda. Mimi nikapata duka, Paskali akapata kikundi. Waimbaji tisa, wanaimba, wanapiga ngoma, wanacheza, na wanaigiza michezo mifupi ya kuchekesha. Sasa, kila kikundi cha namna hiyo huku kwetu kinatafuta mlezi, yaani mtu mwenye uwezo kidogo, awanunulie kinanda na akae kiti cha mbele siku ya uzinduzi. Paskali akaja dukani.

"Baba Neema, hatutaki makubwa," akasema. "Kinanda tu, na wewe uwe unakuja kutusikiliza."

Nikakubali. Kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa naandika.

Wiki ileile binti yangu Neema alikuja likizo kutoka chuo na kitabu kinene kuhusu mabwana wakubwa wa Ulaya wa zamani, jinsi walivyokuwa walezi wa muziki, maigizo na ngoma zao. Nilikichukua nione picha. Jamani! Kumbe ulezi una ngazi zake. Bwana wa Ulaya hakununua kinanda akarudi nyumbani. Aliwaweka wanamuziki kwenye nyumba yake, akawavalisha sare ya nyumba, wakala chakula pamoja na wapishi, na mwanamuziki hakwenda kupiga popote bila ruhusa ya bwana wake. Waigizaji nao walitembea na jina la bwana, la sivyo walikamatwa kama wazururaji. Kuna mmoja alitunga muziki mzuri sana, na alipong'ang'ania kuacha kazi, bwana wake alimweka ndani karibu mwezi mzima.

Nilisoma hiyo nikaona huo ndio utaratibu. Nilifika katikati ya kitabu nikakifunga.

"Baba, malizia," Neema akaniambia. "Sura za mwisho ndizo zenye maana."

"Nimeshaelewa," nikasema.

Nikashonesha sare. Makoti mazito ya rangi ya damu ya mzee, vifungo vya dhahabu, na herufi za jina langu kifuani. Fundi aliuliza kama ni ya walinzi. Waimbaji waliyavaa jua la saa saba, wakaimba huku jasho linawatiririka kwenye kola, na mimi nikasema wanapendeza.

Kwenye sherehe zangu niliagiza waimbaji wapewe chakula nyuma, pamoja na wapishi, wageni wakishamaliza. Paskali alikula amesimama, sahani ameishika mkononi. Mke wangu ndiye aliyesema, lakini nimeahidi kutomwingiza.

Halafu nikaleta jambo la barua. Kikundi kisiende kuimba popote bila kuniandikia, nakala mbili, ziachwe kwa karani wangu dukani. Nilinunua na faili la kuhifadhia. Na waniite Mheshimiwa Mlezi. Paskali, mtu aliyeniona nikilia kwa kufeli hesabu, aliniita Mheshimiwa Mlezi mbele ya wateja wa misumari na hakucheka.

Kuna hili nalo, acha nilitubu kabisa. Kitabu kilisema mfalme mmoja alicheza mwenyewe mbele ya watu wake, amevaa kama jua. Siku ya kufungua ghala langu jipya nikaingia katikati ya wachezaji nikiwa na kanzu ya njano na miale ya jua kichwani, niliyoikata kwa bati gumu la geji ishirini na nane. Nilizunguka mara mbili. Mara ya tatu mwale mmoja ukanasa kwenye turubai la kivuli lililofungwa juu yetu, nikabaki hapo nimeinamisha shingo mpaka fundi wa turubai alipoleta koleo. Ngoma haikusimama. Paskali aliendelea kuipiga, taratibu, kunisubiri. Leo nikikumbuka naona alikuwa ananisitiri. Siku ile nilidhani anatii.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe.

Mama yake Paskali alikuwa anaumwa, na mimi nilijua. Nilikuwa nimepeleka sukari na machungwa, nikakaa dakika kumi, nikaondoka kwa sababu ya simu. "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, mbona hukai?" Ndiyo mazungumzo yetu yote ya mwaka ule.

Siku moja karani akaniletea barua. Yah: Ombi la ruhusa ya kuimba, Jumapili mchana, Bonga. Nikasoma mistari ya kwanza. Paskali anaomba kikundi kiende kumwimbia mama mgonjwa, ameomba mwenyewe aimbiwe wimbo wa mavuno. Jumapili hiyo nilikuwa na wageni, wafanyabiashara wenzangu kutoka Arusha, na nilikuwa nimewaambia kwamba mimi nina waimbaji wangu. Wangu! Nilitaka wayaone makoti.

Nikachukua kalamu nikaandika pembeni: Jumapili hii haiwezekani. Apangiwe ijayo. Nikatia sahihi, nikapiga muhuri wa duka, nikaweka nakala kwenye faili.

Paskali akapiga simu. "Baba Neema, umeisoma barua?"

"Nimeshaijibu."

"Nauliza kama umeisoma."

"Paskali, utaratibu ni utaratibu," nikamwambia. Akasema, "Haya."

Mtauliza kwa nini hakwenda tu. Nimejiuliza sana. Nadhani ni kwa sababu alinipa neno lake siku nilipowapa kinanda, na Paskali ni mtu wa aina hiyo. Jumapili walikuja wote tisa, wakaimba vizuri, wageni wakapiga makofi. Alhamisi mama akafariki.

Niliwahi msibani mapema. Nikawekewa kiti cha mbele kwa sababu mimi ni mlezi, nikakikalia. Muda wa kuimba ulipofika, waimbaji walisimama karibu na jeneza, wamevaa makoti yangu. Hawakuanza. Paskali akatembea mpaka kwenye kiti changu, akasimama mikono nyuma, akainamisha kichwa.

"Mheshimiwa Mlezi," akasema, na watu wote wa Bonga wanasikia, "naomba ruhusa tumwimbie mama."

Nilimtazama usoni nione kama ananikomoa. Hapakuwa na kitu. Macho mekundu tu, ya mtu aliyefiwa. Alikuwa anafuata utaratibu wangu.

Ningeweza kusimama nikamkumbatia. Ningeweza kulia. Nilichofanya, ndugu zangu, nilisema: "Ruhusa." Mimi! Natoa ruhusa mama aliyenilisha aimbiwe na mwanawe!

Wakaimba wimbo wa mavuno. Nilisikia sauti ya kwanza, ya tatu, ya nne. Ya pili haikuwepo. Nikadhani mwimbaji ameshindwa kwa uchungu. Paskali alikuwa ananiangalia wimbo mzima, na mimi nikadhani ananilaumu, nikaangalia viatu vyangu mpaka ukaisha.

Baada ya matanga makoti yalirudishwa dukani, yote tisa, yamefuliwa na kupigwa pasi, na kinanda juu yake kimefungwa kwenye kanga. Hakuna barua safari hii. Karani akaniuliza ayaweke wapi. Nikamwambia aweke faili la barua hapohapo pamoja nayo, maana halina kazi tena. Aliponipa nilifungue nione kama kuna kitu cha kutunza, ya juu kabisa ilikuwa ile yenye maandishi yangu pembeni.

Nikaisoma. Safari hii mpaka chini. Mstari wa mwisho, kabla ya sahihi ya Paskali, ulikuwa hivi:

"Mama amesema na wewe uje. Sauti ya pili tusimpe mtu, ni yako."

Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko kitu chochote maishani. Siku ya mazishi waliniachia nafasi yangu. Paskali aliniangalia wimbo mzima akinisubiri nianze, kama alivyonisubiri na ngoma nilipokuwa nimenasa kwenye turubai.

Kitabu cha Neema nimekimalizia. Sura za mwisho zinasema wanamuziki walichoka wakaondoka, wakaenda kuwapigia watu wa kawaida, na wale mabwana leo wengi wanakumbukwa kwa sababu tu ya watumishi waliokula na wapishi. Pamoja na hayo, bwana wa Ulaya alikuwa na udhuru mmoja ambao mimi sina. Hakulelewa na mama wa mwanamuziki wake.

Nimekwenda Bonga mara tatu. Paskali ananipokea, ananipa kiti, ananiuliza bei ya bati. Ananiita Mheshimiwa. Nimemwomba aache, anasema sawa Mheshimiwa.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiombwa kuwa mlezi, nunua kinanda ukakae nyuma usikilize. Ukiletewa barua, isome mpaka kwenye sahihi. Na ukiitwa kwenda kumwimbia mtu aliyekulea, nenda leo, hata kama sauti yako imekwisha. Mimi yangu bado ipo. Huwa naijaribu dukani wateja wakipungua, sauti ya pili peke yake, na wimbo haueleweki.