Alama Moja Iliyomzidishia Muzee Watoto

Aibu ya siku ile bado inanichoma, mwanangu. Nilikuwa kijana, shule nimeiacha primaire ya tano, darasa la tano tu, lakini mtaa wetu wote wa Cimpunda ulijua kwamba ukitaka ukurasa wa internet unakuja kwangu. Sikufundishwa na profesa yeyote. Nilitazama kurasa za wengine, nikanakili amri zao za CSS, zile zinazoupa ukurasa sura yake, nikabandika. Zikifanya kazi, najiita mtaalamu.

Jirani yetu akafariki. Mjane wake, Maman Nabintu, akaniomba ukurasa wa matanga, jamaa walio Ulaya nao wasome majina. Nikaweka orodha ya watoto sita, na ndani ya kila mmoja orodha ndogo ya wanawe. Watoto nilitaka wawe na namba, kwa kufuata kuzaliwa, maana kwetu mpangilio huo hauchezewi. Nikaandika amri ya kuweka namba, `.familia li::before`, nikachapisha karatasi, nikaipeleka matangani bila kuitazama. Ujinga mtupu!

Katekista, ambaye familia hakuijua, akaisoma mbele ya watu mpaka namba ya mwisho, ishirini na tatu.

"Muzee anatuachia watoto vingt-trois."

Mtu akacheka kule nyuma. "Ee! Bibi mumoja, watoto vingt-trois? Kumbe muzee alikuwaka na wengine inje!"

Maman Nabintu akainuka, akaja hadi nilipokaa.

"Papa, mimi nilizaa sita. Hawa wengine uliwapatia bwana yangu wapi?"

"Maman, ni mashine..."

"Mashine ilijiandika? Bwana yangu iko ndani ya sanduku, hawezi kujitetea. Simama wewe, uwaambie watu."

Nikasimama. Nikawataja wale sita, na wajukuu kumi na saba nikawarudisha kwa wazazi wao, mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka tena.

Kosa lilikuwa langu. Amri yangu ilishika kila `li`, yaani kila jina la orodha, iliyo ndani ya familia, hata ya ndani kabisa, na mjukuu akapangwa safu moja na mjomba wake. Ilihitaji alama moja tu: `.familia > li::before`. Hiyo `>` inamgusa mtoto wa moja kwa moja, inaishia hapo.

Sasa nyinyi wenye diploma mnaniletea orodha zilizovurugika vilevile, na dawa yenu ni `!important`, neno la kulazimisha amri, juu ya `!important`! Hiyo si kazi, ni kupiga kelele. Mimi nisiye na karatasi hata moja ya shule nilitafuta alama ile kwa siku mbili mpaka nikaielewa. Wewe unashindwa nini?

Basi shika hili: kabla hujaandika amri, jiulize inamgusa nani na inakomea wapi. Rangi ya maandishi itashuka kwa wajukuu kwa kurithi hata ukiweka `>`, kwa hiyo wape rangi yao. Na ukikosea, usiitupie mashine. Simama.

Mungu akulindie macho na mikono, mwanangu, na siku majina ya kwenu yatakaposomwa, kila mmoja akutwe mahali pake.