Kofia iliyokaribia kumkosesha mjukuu wangu wazazi mahakamani

Wakuu, mlio na umri wa wanangu na wajukuu zangu, marahaba kabla hamjaniamkia. Wazee wenzangu mliojificha humu, nanyi nawaona.

Naandika kwa kidole kimoja na shule yangu iliishia darasa la nne, mnivumilie. Ila ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi.

Kwanza niwataje waliokuwemo ofisini kwa jaji kule Bukoba siku ile ya kwanza.

Jaji mwenyewe, mwanamke. Jina lake naliacha kwa heshima.

Wakili wetu, Projestus, suti ya kijivu.

Bi Salome, afisa ustawi wa jamii.

Mwalimu Editha na mumewe Felix, ndio waliokuwa wanaomba kumwasili mtoto.

Laurian wa Kaniha, baba mdogo wa mtoto.

Mimi Koleta wa Nemba, bibi mzaa mama.

Na mtoto mwenyewe, Anisia, miaka minane, gauni la kijani, amekaa kwenye kiti miguu haifiki chini.

Sasa twende.

Mama yake Anisia alikuwa binti yangu Veneranda. Baba yake Adrian, wa Kaniha. Wote wawili wametangulia, hapo sitakaa sana. Mtoto alibaki mikononi mwangu akiwa anatambaa.

Mwalimu Editha alipangiwa shule ya kwetu, akapanga chumba kwangu. Yeye na Felix hawakujaliwa mtoto. Anisia akahamia chumbani kwake bila kuniaga, na mto wake mkononi.

Mwalimu alipohamishiwa Ngara, alisahau kandambili. Mtoto alizivaa uani mwezi mzima, kubwa kama mitumbwi.

Mimi magoti yameisha. Nikajiuliza, nikianguka leo huyu atakuwa wa nani? Nikampigia Editha.

"Mwalimu, huyu mtoto unampenda tu, au unamtaka?"

Akasema, "Bibi, namtaka."

Tukaenda kwa Bi Salome. Akatueleza kwamba kuasili siyo kulea. Ukimwasili, sheria inamhesabu umemzaa wewe. Anatumia jina lako, anakurithi, na huamki asubuhi ukasema umechoka umrudishe. Kwanza akae kwao kwa kibali cha ustawi, wachunguzwe, ndipo mahakama.

Basi akaenda kukaa kwao Ngara. Jirani yangu Leokadia akanisubiri kisimani.

"Koleta, mjukuu umemgawa kama kifaranga?"

Nikamwambia, "Kifaranga ningekupa wewe, Leokadia, ukakichinja. Mtoto nimempa anayemtaka."

Ila niseme ukweli wakuu, siku ile sikula.

Ikafika zamu ya wakili. Projestus akasema wazazi wote ni marehemu, kwa hiyo jaji atataka kujua ndugu wa upande wa baba wanasemaje. Tulete muhtasari wa kikao cha ukoo.

Hapa ndipo mambo yalipoharibikia.

Ukoo wa akina Adrian una desturi yake. Mkubwa wao asipofika kikaoni, kiti chake kinawekwa mbele, juu yake inawekwa kofia ya marehemu baba yao, na anahesabiwa yupo. Wamefanya hivyo wakigawa mashamba, wakiozesha. Kwao siyo uongo, ni adabu.

Mkubwa wao ni Silvesta, kaka yake Adrian, dereva wa malori. Siku ya kikao hakuwepo. Kofia ikawekwa. Laurian akaandika: namba moja, Silvesta, amehudhuria, ameridhia. Akamwekea na sahihi.

Nilikuwepo. Nilikunywa rubisi yangu, pombe ya ndizi, nikanyamaza. Hilo kosa ni langu pia.

Turudi kwa jaji.

Mama yule aliniamkia vizuri, shikamoo bibi, akaniuliza safari. Nikajua huyu kalelewa. Kisha akashika muhtasari, akasoma taratibu, akamgeukia Laurian.

"Huyu Silvesta, ndugu mkubwa. Siku ya kikao alikuwepo?"

"Alikuwepo, mheshimiwa."

Laurian hakupepesa hata jicho. Kwa desturi yao alikuwa anasema kweli.

Jaji akanigeukia. "Bibi, jina lako nalo limo humu. Hebu nikumbushe mlivyokaa."

Wakuu, mimi ukiniuliza majina umenipata. Nikaanza: mlangoni Laurian na daftari, kulia kwake Gaudensia dada yao, halafu mzee Bonifasi, halafu mimi na shangazi Paskazia tumekalia mkeka mmoja.

"Na Silvesta alikaa wapi?"

Nikamtazama Editha. Ameshika mkono wa mtoto mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Nikajua nikisema kweli naweza kumvunjia ndoto yake. Nikidanganya, mtoto atapata wazazi kwa uongo wangu.

Nikasema, "Mheshimiwa, pale mbele ilikaa kofia."

"Kofia?"

"Ndiyo. Silvesta hakuwepo. Ilikaa kofia."

Bi Salome akaziba mdomo. Projestus akaangalia dari. Jaji akamhoji Laurian, naye akaeleza desturi yote huku jasho linamtoka. Jaji akaweka kalamu chini.

"Nimewaelewa, wala sidharau mila zenu. Lakini kofia haiwezi kuridhia mtoto aasiliwe. Na kumwekea mtu sahihi msirudie tena. Nileteeni mwenye kofia, aseme kwa mdomo wake."

Kesi ikaahirishwa.

Nje Projestus alinijia juu. "Bibi, tulikuwa tumemaliza! Huyo mtu akikataa je?"

"Akikataa, tutakuwa tumejua," nikamwambia. Editha alikuwa anamfunga mtoto kamba za viatu, anafunga, anafungua, anafunga tena.

Kumpata Silvesta ni kazi. Kila nchi anayoingia ana laini yake, ukimpigia hapatikani. Nikamwambia Laurian, madereva wote lazima wale Nyakanazi, twende tukamsubiri huko.

Tulikaa kwenye banda la chakula la Mama Jeni, siku mbili. Kila dereva aliyeshuka nilimwuliza. Mmoja akanitania, "Bibi, huyo Silvesta alikukimbia na mahari?" Nikamwambia akila aache maneno, mchuzi utamwagika.

Siku ya pili mchana akashuka. Mrefu, Adrian mtupu.

Laurian akamweleza. Kumbe hakujua lolote.

"Laurian! Umenihudhurisha kikao Kaniha, mwenzio nilikuwa Isaka nimelala chini ya lori nafungua tairi?"

"Kaka, tulikuwekea kofia. Si desturi yetu?"

"Hiyo ni ya kugawa migomba! Mtoto wa Adrian mnamgawa kwa kofia?"

Akanigeukia, sauti ikashuka. "Shikamoo mama. Na wewe ulikuwepo?"

"Marahaba. Nilikuwepo, na nilinyamaza. Kwa jaji ndipo niliposema."

"Ulisemaje?"

"Nilisema pale ilikaa kofia."

Akanitazama. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. Lakini msidhani yaliishia hapo. Alipomaliza akafuta macho akasema, "Mama, mimi siridhii nisichokiona. Naelekea Rusumo. Pandeni, tupitie nikamwone."

Mimi na umri wangu nikapandishwa lori! Laurian ananisukuma, Silvesta ananivuta. Tulifika Benako akaegesha, tukachukua gari dogo hadi Ngara mjini.

Tulimkuta Anisia peke yake sebuleni, Editha yuko sokoni na Felix yuko nyuma ya nyumba. Mtoto akatuamkia wote, akaleta maji ya kunawa, akaanza na mgeni.

"Wewe ni nani yangu?" akamwuliza.

"Mimi baba yako mkubwa, ndugu wa baba Adrian."

"Basi kaa. Mama anakuja sasa hivi."

Silvesta akauliza kama mtu anayetega mtego, "Mama yupi?"

"Mama Editha. Yule mwingine yuko Nemba, yeye na baba. Tukifunga shule tunaenda kuwapalilia. Mama Editha amewapandia maua, ila mbuzi wa bibi wameyala."

Hiyo ya mbuzi ni kweli, wakuu, nimeomba msamaha.

Silvesta akatoka nje. Akakaa sana. Aliporudi, Editha na Felix wote wameshaingia, wamesimama kama wanafunzi waliochelewa. Akamwuliza Felix jambo moja tu.

"Kukiwa na msiba Kaniha, au harusi, huyu mtamficha?"

Felix akajibu, "Kaka, tutamleta wenyewe. Hata bila msiba."

Chakula kilipoletwa, Silvesta akanawa tena mikono, akavuta sahani. "Jaji amesema turudi lini?"

Siku hiyo ilipofika, hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe, shati jeupe lina mikunjo ya begi.

Jaji akamtazama juu ya miwani. "Wewe ndiye Silvesta, au ni kofia tena?"

"Ni mimi, mheshimiwa. Kofia nimeiacha nyumbani inapumzika."

Hata karani alicheka. Kisha Silvesta akasimama wima, akasema yeye ni ndugu mkubwa wa Adrian, ameona mtoto anavyoishi, anaridhia. Akaweka sahihi yake mwenyewe, kubwa, imetoka nje ya mstari.

Bi Salome akasoma taarifa yake. Mwisho jaji akamwita Anisia.

"Unajua tumekuja kufanya nini hapa?"

"Kuandika kwamba mama ni mama."

Jaji akasema, "Basi tunaandika."

Akasoma amri: Anisia ni mtoto wa Editha na Felix kuanzia leo, kwa haki zote. Wakuu, nilipiga kigelegele humo humo ofisini. Karani akaruka. Jaji akamwambia, "Mwache bibi, ana haki yake." Nikaongeza cha pili.

Editha alipiga magoti mbele yangu, nikamwinua. Laurian analia, Silvesta anamtania kwamba machozi nayo ayawekee sahihi.

Projestus akanishika mkono. "Bibi, nisamehe. Ule muhtasari ungepita, siku moja mtu angeibuka kuipinga amri, na mtoto angeburuzwa mahakamani upya. Kesi hii umeishinda wewe."

Nikamwambia, tumeshinda wote, ila hiyo suti yako ya kijivu ya tangu siku ya kwanza, ifuliwe.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kumwasili mtoto, usiogope mahakama, waogope wanaokwambia ipo njia ya mkato. Nenda ustawi wa jamii, tafuta wakili, na kila ndugu anayehusika mfuate aliko, hata kama yuko juu ya lori. Na mwenye mjukuu kama wangu asione aibu. Sikumgawa. Nimemwongezea watu.

Waliopitia hii njia semeni nanyi ilikuwaje kwenu, na wenye maswali ulizeni, nitajibu taratibu.

Majina yote nimeyatoa kichwani, sina karatasi. Watu wa Kaniha mliokaa kwenye kikao kile, kama mkekani sikukaa na Paskazia bali na Gaudensia, au kuna mtu nimemtaja na hakuwepo, nisahihisheni hapa hapa nimwondoe. Kumhesabu mtu ambaye hakuwepo, mimi nimekoma.