Baba Alipofunua Sufuria

Tulimzika baba hapa Rumonge wiki iliyopita, na watu waliomjua kwa sauti tu walitoka mbali kama Kabonga kuja kunipa pole. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza mbele ya redio ya mawasiliano ya serikali, penseli sikioni, akiita vituo vya kando ya ziwa kimoja kimoja. Kabla simu za mkononi hazijaenea, habari za wagonjwa, za uhamisho na za misiba zilipitia kwake. Aliandika ujumbe, akamsomea aliyeutuma neno kwa neno, kisha akaupeleka kwa aliyetumiwa, kwa miguu. Hata nyumbani alipoomba chumvi alipaza sauti, ungedhani anaita kituo cha Nyanza-Lac. Tulimcheka, naye akacheka kutushinda.

Mimi niliacha kumcheka siku mama alipofariki.

Mama alikuwa amelazwa Bujumbura. Mimi, msichana mkubwa tayari, nilibaki nyumbani kumpikia baba. Mchana nilizoea kula peke yangu, yeye akala jioni akitoka kazini. Siku hiyo nilipata ndagala wabichi, wale dagaa wa ziwani, kutoka Magara, nikawapika kwa mawese, nikasonga bugali, nikafunika.

Alikuja baada ya alasiri, mapema kuliko kawaida yake. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akatazama ndani, akasimama kidogo, akaifunika. Ndipo akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati akanisomea kwamba mama hayupo tena. Alisoma kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikamnyang'anya karatasi. Juu yake, kwa mwandiko wake safi, aliandika saa aliyoupokea ujumbe: saa tatu asubuhi.

"Umejua tangu saa tatu?"

"Kazi ilikuwa mingi, mwanangu," alisema.

Nina hasira za karibu, na zikishika hazitoki upesi. Nilimwekea baba kinyongo miaka yote iliyofuata. Nilimwambia mume wangu, nikawaambia mawifi zangu: mtu amefiwa na mke, anahudumia serikali mpaka alasiri, na akifika nyumbani anaanza kuchungulia sufuria! Mara moja nilisema hivyo akiwa amekaa pale pale uani. Alisikia. Aliinua kikombe chake cha chai akaingia ndani, na mimi nikajiona nimeshinda.

Alipozeeka nilimtunza, hilo hakuna atakayenisuta. Nilimfulia, nilimpikia, nilimpeleka kwa daktari. Lakini nilifanya yote hayo nimekunja uso, naye kila mara alinishukuru kwa kelele zake zile. "Murakoze cane, mwanangu!" Majirani wote walisikia, na mimi nikabeba vyombo nikaondoka.

Juzi msibani, mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa ofisi yao alikuja kukaa karibu yangu. Alimkumbuka mama, akamwombea rehema, halafu akasema, "Siku ile redio ilinyamaza tangu saa ine. Kazi haikuwako hata kidogo. Baba yako alikaa tu pa kiti, karatasi iko mu mfuko. Nikamuambia, mzee, enda kwako. Akanijibu, acha mutoto akule kwanza. Nikifika na hii, leo hatakula tena."

Nikamuuliza kama ana hakika.

"Alifanya vile kwa watu wote," alisema. "Alikuwa anauliza kwanza kwa jirani kama pale wamekwisha kula. Wewe haukujua?"

Sikujua. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia kuliko nilivyolia kaburini. Nilitaka kumwomba radhi, na wa kumwomba ameshaondoka.

Sasa najua baba alitafuta nini ndani ya sufuria ile. Aliikuta imejaa. Nilikuwa sijaonja hata samaki mmoja, kwa sababu siku hiyo niliona ndagala wazuri vile nisiwale peke yangu, nikamngoja yeye.