Kipi Kisibadilike

Miaka ishirini na miwili aliuza viatu dukani, akipiga magoti kupima miguu ya watu, na ndiyo maana wenzake walimwita Mama Kipimo. Duka lilipofungwa, akachukuliwa na duka la mtandaoni. Mteja akiandika anachotaka na ghala halina, mashine ilikuwa ikimjibu "hakuna", basi. Kazi ya Mama Kipimo ikawa kuamua sharti gani la mteja lilegezwe kwanza, ili mteja aonyeshwe kinachokaribia.

Vijana wa ofisini walikuwa wakilegeza saizi. Akawacheka. "Nyie hamjawahi kucheza harusini na kiatu kinachobana?" Saizi akaifunga, na juu yake akafunga sharti jingine: cha kike kibaki cha kike, cha kiume kibaki cha kiume. Rangi akaiacha ilegee mapema, maana dukani aliwaona wengi wakija na hamu ya chekundu, wakaondoka na cha kahawia, furaha tele.

Ijumaa asubuhi kifurushi kikarudi. Ndani mlikuwa na viatu vya kike vya rangi ya krimu, saizi arobaini na tatu, na karatasi: "Niliandika vyeupe, na kwenye picha nikaona vyeupe. Muuguzi mkuu amenirudisha getini. Jumatatu nisipofika na vyeupe, nafasi yangu ya mafunzo anapewa mwingine."

Aliisoma amesimama. Akakaa, akaisoma tena. Dukani angeuona uso wa binti ukisinyaa mbele ya boksi la krimu, naye angelirudisha rafuni kabla ya kuambiwa neno. Hapa hakukuwa na uso. Kulikuwa na maneno machache kwenye kisanduku cha kutafutia, na yeye ndiye aliyeamua, kwa niaba ya mtu asiyemjua, ni lipi halikuwa na uzito.

Akapiga simu.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekuletea krimu."

"Kumbe mashine yenyewe ni mama wa mtu!" Binti alicheka, kicheko cha mtu aliyekwisha kulia.

"Vyeupe vya kike vya saizi yako havipo ghala zima, nimetafuta kwa macho yangu. Niambie, kipi uko tayari kukiacha?"

"Rangi siachi. Saizi nayo, nyumbani wananiita Makasia kwa miguu hii. Lakini mama, vya kiume je?"

Mama Kipimo akasita. "Hutaona vibaya?"

"Nione vibaya mara ngapi? Tangu shule ya msingi navaa viatu vya kaka. Mgonjwa ataniuliza ni vya nani?"

Upande wa wanaume, kwenye rafu ya mavazi ya kazi, kulikuwa na viatu vyeupe vya wapishi, soli isiyoteleza, jozi nne za saizi ileile. Vilikuwapo siku zote. Akavifuata mwenyewe, akaingiza kiganja ndani kupima upana, akamkabidhi dereva wa mchana.

Kisha akafungua orodha yake ya masharti, akalifuta lile la juu kabisa, la kike na kiume. Meneja, kijana wa rika la kitindamimba wake, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mama, hilo si ulituapisha lisiguswe?"

"Niliwaapisha. Mwaka wangu wa kwanza dukani nilimletea mwanamke mmoja viatu vya kiume, akaondoka bila hata kuaga. Aibu ile nimetembea nayo mpaka humu."

"Sasa unaweka nini?"

"Swali. Kabla hatujalegeza chochote, tumuulize mteja: kipi kisibadilike?"

"Wakiulizwa maswali wanakimbia."

"Watakimbia baadhi," akakubali.

Meneja akakuna kidevu. "Wiki moja, mama. Tujaribu."

Jumatatu saa nne ujumbe ukaingia: "Nimepita getini. Natandika vitanda." Vijana wakampigia makofi. Mama Kipimo alitabasamu kwa adabu, macho yakiwa kwenye orodha ndefu ya mauzo ya miezi iliyopita. Alikuwa akiwawaza wale ambao hawakuandika karatasi yoyote. Waliofungua boksi, wakaona kiatu si chenyewe, wakakivaa hivyo hivyo.