Filamu Niliyoiweka ya Kwanza

Kaka yangu mkubwa, niliyemwita yaya kama wadogo wanavyowaita wakubwa wao huku Lubumbashi, alikuwa mfasiri wa filamu katika chumba cha video cha mtaa wa Naviundu. Zilikuwa filamu za kutisha kutoka nchi za mbali, na hakuelewa hata neno moja la lugha zilizosemwa humo. Alikaa kando ya televisheni ameshika kipaza sauti, akawasemea wote: mzimu, mjane, polisi, hata mbwa. Mzimu aliupa sauti ya chini, ya upole, kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, na ndiyo maana ulitisha. Wanawake kwenye mabenchi walijifunika vitenge usoni. Palipofika pa kutisha kabisa, yeye alinyamaza.

"Pale bantu banaogopa, usiongee," aliniambia siku moja. "Ukiongea, banapata pa kujificha."

Mimi ni mhakiki wa filamu. Nimesoma vitabu vingi juu ya kazi hii, lakini hakuna kilichonifundisha zaidi ya maneno hayo.

Watu walipoanza kutazama filamu kwenye simu zao, chumba kile kilifungwa. Yaya akaanza kuuza vipuri vya pikipiki. Alioa akiwa amechelewa, akapanga nyumba mtaa wa Bel-Air, akapata binti. Mtoto alikuwa bado ananyonya, sauti ya baba yake ilipoanza kukwaruza. Tulidhani ni vumbi. Ilikuwa saratani ya koo. Ili apone, madaktari walimwondolea sehemu yote inayotoa sauti, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia, ambalo alilifunika kwa kitambaa cheupe. Tangu hapo aliongea kwa kuandika kwenye daftari.

Alikuwa ameishi hivyo miaka minne wakati tamasha la filamu za kutisha lilipofanyika katika ukumbi mmoja katikati ya mji. Lilikuwa la siku nne, kuanzia saa nane mchana. Mhariri wangu alitaka orodha ya filamu nilizozipenda kuliko zote. Nikamwomba yaya anisindikize. Alikuja amevaa koti lake la misa.

Siku ya kwanza tulicheka kama zamani. Tulitazama filamu ya mjane anayesikia mumewe akichimba chini ya sakafu ya jikoni. Yaya aliandika: "Huyu bwana anachimba kama muntu wa serikali. Saa mbili, na shimo haiko." Siku ya pili ilionyeshwa filamu fupi ya msichana wa hapa hapa mjini. Wachimbaji wanasubiri lifti ya mgodi, lifti inapanda, na ndani yake wamesimama baba zao waliokufa, safi, wamechana nywele. Yaya alipangusa macho. Baba yetu alikuwa mtu wa reli, si wa mgodi, lakini na yeye alichana nywele vile kabla ya kwenda kazini. Daftarini, chini ya jina la filamu ile, yaya alichora mistari miwili. "Hii njo ya kwanza," aliandika, yaani ndiyo ya kuongoza orodha.

Siku ya tatu ikaja ile nyingine. Ilitoka nje, imetengenezwa kwa ufundi mkubwa. Kiumbe kisichoonekana kinaingia kijijini na kuiba sauti za watu. Wanaamka asubuhi, wanafungua midomo, hakitoki kitu. Muziki ulinguruma mpaka viti vikatetemeka. Sikuwa nimesoma habari zake mapema, na nilipoelewa inakokwenda, sikuthubutu kumgeukia. Nyuma yetu vijana walikuwa wakicheka. Kamera ile, mwanga ule, jinsi nyuso zilivyopangwa, vilinishika, nikasahau niko na nani.

Tulipotoka nje, kwenye ngazi za ukumbi, nilisema bila kufikiri, "Yaya, ile itakuwa ya kwanza kwenye orodha yangu."

Alitikisa kichwa. Akaandika huku amesimama, mguu mmoja kwenye ngazi ya juu, daftari juu ya goti: "Siyo vile. Ile ya kweli haina makelele. Muke wangu ananiita toka jikoni. Halafu anakumbuka, ananyamaza."

Nilipaswa kuishia hapo. Lakini nilikuwa na joto la filamu kichwani, na pengine aibu pia.

"Yaya, we unaangalia maisha yako," nilisema. "Mi naangalia filamu."

Akafunga daftari, akaliingiza mfukoni, akanipa mkono kama mtu anayemuaga mgeni. Siku ya nne hakuja. Niliketi peke yangu, na koti langu nikaliweka kwenye kiti chake.

Orodha ilitoka na ile filamu ya nje juu kabisa. Wasomaji waliisifu. Yaya alinitumia ujumbe wa simu: "Umeandika muzuri." Nilitaka kwenda Bel-Air kumwomba radhi, nikasema nitakwenda Jumapili, halafu Jumapili nyingine. Ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye mapafu. Nilipomkuta hospitalini alikuwa hawezi tena kushika kalamu. Niliongea mimi tu. Nilimwambia alisema kweli, orodha yangu ilikosea. Alifumba macho, akanifinya vidole. Sijui kama alinisamehe au maumivu yalimzidi.

Baada ya mazishi nilimwomba mhariri anisahihishie orodha. Alikataa, wala si kwa ubaya. "Kosa la jina naweza kulisahihisha," alisema. "Ulichokipenda, ulikipenda." Orodha bado iko pale pale, anayetaka anaisoma.

Siku ya tatu ya matanga, mchana, walikuja wanawake wa Naviundu, wale wa kwenye mabenchi. Mmoja wao, mama mnene mwenye kilemba cheusi, alianza kuigiza ule mzimu wa filamu, jinsi yaya alivyousemea, ukiomba kufunguliwa mlango. Waombolezaji walicheka huku machozi yakiwatoka. Binti wa yaya, mwenye miaka mitano, alikuwa ameegemea goti langu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Papa alikuwa anaongea vile?" aliniuliza.

Hatuna kanda hata moja yenye sauti yake. Ya mama yule ilikuwa nyembamba mno, na ya haraka, haikukaribia.

"Ndiyo," nilimwambia. "Vile vile."

Akaenda kwa yule mama, akamshika kitenge, akamwomba arudie.